Mwaka Mafuta Yalipokosekana

Binti wa Konsolata alinipigia simu Jumapili moja mchana, kutoka nchi ya baridi ambako yeye na mama yake walihamishiwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, akaniambia kwamba walikuwa wamemzika Ijumaa. Hakulia. Aliniuliza kama nina picha yoyote ya mama yake ya wakati tuliposoma pamoja Lilongwe, kwa kuwa walitaka kutengeneza kitabu kidogo cha kumkumbuka, na picha za miaka mingine zote zilikuwapo isipokuwa za mwaka ule. Nilimwambia nitatafuta. Nilivuta sanduku, nikapekua bahasha moja baada ya nyingine, hadi vyeti vya shule na karatasi za kambi, ingawa nilijua tangu alipouliza kwamba hakuna. Tulilala chumba kimoja karibu mwaka mzima, tukala sufuria moja, tukabeba sanduku moja la barafu, yeye mkono huu na mimi mkono ule, na hatukupiga picha hata moja. Mwaka ule hakuna kati yetu aliyetaka uso wake ubaki kwenye simu ya mwenzake. Hilo sikumwambia binti. Nilimwambia picha hakuna lakini nitaandika, na nilipoanza kuandika niliona kwamba haiwezekani kumweleza mama yake bila kueleza nilichomfanyia.

Ulikuwa mwaka ambao petroli ilikosekana Malawi nzima. Magari yalipanga foleni kwenye vituo kuanzia asubuhi hadi kesho yake, madereva wakipika uji kando ya barabara, na umeme nao ulikatika bila taarifa. Sisi tulikuwa wanawake wawili wakimbizi kutoka kambi ya Dzaleka tuliopata nafasi ya kusomea shahada ya pili ya sayansi ya maziwa na mifugo, katika chuo cha kilimo nje ya mji wa Lilongwe. Mimi nilitoka Bukavu na cheti changu cha kilimo nimekifunga ndani ya nailoni. Konsolata alikuwa Mnyarwanda aliyekimbilia Kongo, akasomea mifugo hukohuko kwetu, kisha akakimbia tena. Alinizidi miaka mitano au sita, kwa hiyo nilimwita yaya, kama tunavyowaita dada wakubwa. Siku niliyopata karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, wamama wa kwaya yetu walikuja kunipongeza, wakakaa kwenye mkeka wangu wakanywa chai, na mmoja wao akaniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba ukuta wa udongo ulikuwa na masikio: "Nsimire, unaenda kulala chumba moja na Munyarwanda? Chunga simu yako. Na kinywa pia uchunge. Bale bantu, haujue ni nani anabatuma." Nilicheka, lakini nilichunga. Baadaye nilikuja kujua kwamba mahali pengine katika kambi hiyohiyo, siku zilezile, watu wengine walikuwa wamekaa kwenye mkeka wa Konsolata wakimwambia maneno hayo hayo juu yangu: kwamba Wakongo waliosoma ndio wanaopeleka majina ya Wanyarwanda kwa watu wanaowatafuta.

Chumba chetu kilikuwa Chilinde, nyuma ya kinyozi ambaye redio yake haikuzimwa umeme ukiwapo. Vitanda viwili, jiko la mkaa mlangoni, meza moja, na katikati tulitundika kitenge cha rangi ya chungwa ili kila mmoja awe na upande wake. Kitenge hakizuii sauti. Niliisikia simu yake ikitetema, nikamsikia akishuka kitandani, akitoka nje pekupeku, akizungumza Kinyarwanda haraka na kwa chini, na nikawa natega sikio nikiokota neno mojamoja nililolijua. Aliporudi alisema tu, "Ni batu ba kanisa." Sikuamini. Yeye naye alikuwa akitazama daftari langu. Niliandika kila kitu mwaka ule, uzito wa majani, saa za kukamua, mvua, joto la maziwa, na kila nilipoandika niliona macho yake yakija mpaka ukingo wa meza na kurudi. Tulikuwa na adabu kupita kiasi. Tulipika kwa zamu, bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo siku zangu, maharage na ndizi siku zake, na usipa, dagaa wa ziwani, pale yeyote alipopita soko la Tsoka. Tulikaribishana, "Karibu yaya", "Asante mudogo wangu", tukala tukiongea juu ya ng'ombe. Nikifikiri leo naona kwamba ng'ombe ndio waliokuwa watu pekee tuliowazungumzia bila woga.

Walikuwa kumi na wawili, wa shamba la chuo. Sita walikula majani makavu ya karanga na nyasi kama kawaida, na sita niliwaongezea majani ya miti ya jamii ya kunde niliyoyakausha mwenyewe, ili nione kama maziwa yao yataongezeka na kama mafuta ndani ya maziwa yatapanda. Huo ndio uliokuwa utafiti wangu wote, na kwa wakulima wadogo wasioweza kununua chakula cha dukani, jibu lake lilikuwa na maana. Konsolata alitumia maziwa ya ng'ombe haohao kuchunguza wadudu wadogo wanaoyachachisha. Mkamuaji alikuwa mtu mmoja wa makamo, Bambo Lifa, mwembamba, mpole, aliyevaa buti za mpira zilizokatwa vifundoni, ambaye aliwasemesha ng'ombe kwa Kichewa muda wote na sisi akatusalimu tu. Kwa kuwa barafu ilikuwa ya shida, tuligawana kazi. Kulipokucha nilisimama kando ya Bambo Lifa akikamua sita wa kwanza, wale wa chakula cha kawaida, kisha nikachukua chupa zao na kwenda nazo mbio maabara. Sita wa pili, wale wangu wa majani, aliwangoja Konsolata na kunifuata na chupa zao. Maabara tulipima mafuta kwa njia ya zamani: unamimina tindikali kwenye mrija wa kioo, unaongeza maziwa, unauzungusha kwa mashine, na mafuta yanapanda juu na kuwa mstari wa rangi ya asali unaoweza kuusoma kwa macho. Umeme ukikatika tulizungusha kwa mkono, kwa zamu, mpaka mabega yanawaka moto.

Mstari wa ng'ombe wangu wa majani ulikuwa mfupi. Siku ya kwanza nilidhani nimekosea tindikali. Baada ya wiki nilijua sijakosea. Ng'ombe wenye chakula kizuri walikuwa wanatoa maziwa mepesi kuliko wenye njaa, na msimamizi wetu, Dokta Kadzuwa, mama mmoja Mmalawi aliyekunywa chai bila maziwa ingawa alifundisha maziwa, alizisoma takwimu zangu mara mbili, akavua miwani. "Ama umegundua kitu ambacho dunia haikijui," alisema, "ama kuna mtu anayachezea maziwa yako. Umepima uzito wake?" Nilikuwa nimepima. Tuna kijiti cha kioo kinachoelea kwenye maziwa: mtu akiongeza maji, kijiti huzama, mafuta yakiondolewa, huelea juu zaidi. Changu kilielea juu. "Basi si maji," Dokta alisema. "Ni mafuta yanayoondoka." Nilitoka ofisini kwake nikihesabu ni watu wangapi wanaogusa zile chupa sita, na nikapata wawili, Bambo Lifa na Konsolata, na Bambo Lifa nilimwona kila asubuhi akikamua mpaka tone la mwisho.

Mtu akishaanza kushuku, kila kitu huja kumsaidia. Niligundua kwamba Konsolata hakuwahi kuingia zizini. Alikaa nje kwenye bomba, mgongo ukutani, akiosha chupa ambazo tayari zilikuwa safi, uso ameuelekeza getini. Niligundua kwamba Jumamosi alitoka na kikapu kilichofunikwa, na kwamba katika mtaa wetu kulikuwa na maduka matatu ya Wanyarwanda alikoingia kwa mlango wa nyuma. Siku moja nilimkuta mke wa mmoja wa wenye maduka hayo kwenye foleni ya maji, akanisifu: "Mwenzako anajua kugandisha maziwa! Yake ni sawa ya kwetu nyumbani. Na siagi yake, weh!" Nilitabasamu, nikajaza ndoo yangu. Siagi. Mchana huo, Konsolata alipokwenda kanisani, nilifanya jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote mpaka leo. Nilivuka kitenge. Niliinama chini ya kitanda chake, nikatoa beseni lililofunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, na ndani yake palikuwa na chupa mbili za maziwa ya mgando na donge la siagi la njano, kubwa kama ngumi, limefungwa kwenye jani la mgomba. Nililinusa. Nilikaa sakafuni nikalitazama kwa muda mrefu, na nakumbuka vizuri kwamba sikuhisi hasira. Nilihisi raha, ile raha ya mtu aliyekuwa hana uhakika na sasa anao. Tangu siku hiyo nilianza kumwandika kwenye daftari langu, kati ya mvua na joto: K. katoka saa fulani, K. karudi saa fulani, K. kapigiwa simu.

Ningeweza kumuuliza. Jambo hilo limenirudia mara nyingi katika kazi yangu ya miaka hii, ninapokwenda vituo vya kukusanyia maziwa na kukuta wanachama wameshaamua ni nani anayetia maji, kabla hata kijiti hakijashushwa kwenye ndoo. Ningemwambia, yaya, siagi hii umeipata wapi? Kati yetu kulikuwa na hatua mbili tu na kipande cha nguo. Badala yake Jumatano moja nilitangulia kutoka, nikapanda kabaza, baiskeli ya kukodi, nikamwomba mwendeshaji aongeze mwendo, nikafika mlangoni kwa Dokta Kadzuwa kabla hajafungua dirisha. Nilimwambia kuhusu bomba, kikapu, siagi. Nilisema, "Sitaki kumharibia mtu." Aliandika. Aliniuliza, "Una uhakika?" Nikasema ndiyo. Saa nne Konsolata aliitwa. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nami nilikuwa kwenye benchi la ukumbi, nikamsikia Dokta akiuliza kwa Kiingereza cha utaratibu, na Konsolata akijibu kwa kifupi. "Hapana. Siagi ni yangu. Maziwa nanunua." Wapi? "Kwa mwanamke mmoja." Jina lake? Jina hakulitoa. Mimi kwenye benchi nikajiambia: unaona. Sikufikiri kwamba mtu aliyekimbia mara mbili hatoi jina la mtu mwingine kirahisi ofisini, hata kama ni la muuza maziwa, na hasa kama yeye mwenyewe haruhusiwi kufanya biashara nje ya kambi.

Dokta hakumfukuza chuo. Alimsimamisha maabara mpaka uchunguzi uishe, akawaandikia barua wale waliotulipia masomo. Lakini karatasi yetu ya kukaa mjini ilitegemea masomo, na Konsolata asiye na maabara alikuwa Konsolata anayepaswa kuwa Dzaleka. Alifunga vitu vyake siku hiyohiyo mchana. Nilijifanya napika. Alikunja shuka, akaondoa kalenda ya kanisa ukutani, akachukua beseni lake, akasimama kando ya kitenge. "Ni wee?" aliuliza. Nikakoroga sufuria. Nikasema, "Dokta aliona matokeo, yaya." Alinitazama kidogo. "Sawa," akasema, "bakia vizuri," na akatoka na mzigo kichwani kwenda kungoja gari ambalo katika siku zile ungeweza kulingoja mpaka jioni.

Kilichofuata kilinihakikishia kila kitu. Nilianza kusimama mwenyewe kwa ng'ombe wote kumi na wawili, wa kwanza mpaka wa mwisho, chupa zikingoja kwenye barafu, na mafuta yakapanda. Siku ya tatu mstari wa asali wa ng'ombe wangu wa majani ulivuka ule wa wenzao, na siku ya kumi ulikuwa mrefu kama nilivyoota. Dokta Kadzuwa alisema neno alilokuwa halisemi mara nyingi: "Vizuri." Nilikula peke yangu Chilinde, nikitandaza karatasi za takwimu mezani kando ya sahani, na nilikuwa na furaha. Jambo moja tu lilitia doa. Jumamosi ya pili mwanamke mmoja wa Kimalawi alibisha mlango, baiskeli ikiwa imeegemea ukuta na dumu la maziwa limefungwa nyuma kwa mpira. Alikuwa ametoka upande wa Chinsapo. "Odi! Mayi Konsolata yupo? Nimemletea yale yake," alisema. "Wiki iliyopita nilikosa, mwanangu aliumwa." Nilimwambia amehama. Alisikitika, akasema zikomo, asante, akageuza baiskeli. Nilifunga mlango nikajiambia kwamba mtu anaweza kununua maziwa na kuiba pia. Nilijiambia mara kadhaa. Siku hizo pia ndama mmoja alikufa, na kwenye kitabu cha shamba nikaandika "kuhara", kama nilivyoambiwa na kijana wa dawa aliyetibu mifugo ya shamba, bila kwenda kumtazama.

Halafu ikaja asubuhi niliyochelewa. Foleni ya magari ya petroli ilikuwa imeziba barabara, kabaza akashindwa kupenya, nikatembea kipande kikubwa. Nilipokaribia zizi nilisimama, kwa sababu kulikuwa kimya. Kila asubuhi ndama walilia kwenye banda lao tangu kukamua kulipoanza mpaka kulipoisha. Tulikuwa tumewatenganisha na mama zao ili tupime maziwa yote, na tuliwanywesha kwa ndoo kiasi kilichoandikwa kwenye mpango wangu. Asubuhi ile hakuna aliyelia. Niliingia kwa mlango wa nyuma. Bambo Lifa alikuwa amechuchumaa kando ya ng'ombe wa nane, ndoo ya maziwa ikiwa pembeni imeshafunikwa, na chini ya ng'ombe walikuwa ndama wawili, mmoja kila upande, mikia ikicheza, povu jeupe mdomoni. Wengine walikuwa wamekwisha kunywa, wamelala kwenye majani, matumbo yamejaa. Aliniona. Hakuwafukuza ndama.

"Bambo Lifa, unafanya nini?" niliuliza kwa Kichewa changu kibovu.

"Nawabakizia," alisema. "Yale ya mwisho."

Nilielewa pale pale. Kila mwanafunzi wa maziwa anafundishwa hilo katika mwezi wa kwanza: maziwa ya kwanza kutoka chuchuni ni mepesi, na kadiri unavyoendelea kukamua ndivyo mafuta yanavyoongezeka, hata yale ya mwisho kabisa ni karibu malai. Ukiyaacha yale ya mwisho, ndoo yako inakuwa na maziwa mengi yasiyo na mafuta, na kijiti kitaelea juu. Nilikuwa nimeandika jambo hilo kwenye mtihani na kupewa alama zote.

"Tangu lini?"

"Tangu mlipoleta ile ndoo ya ndama. Mayi, ndoo ile ni ndogo. Nilimwambia kijana wa dawa, akasema imeandikwa. Kwa hawa sita wa kwanza sikuweza, ulikuwa umesimama hapa. Ukiondoka na chupa zako, nawaleta wote kwa hawa wa pili." Aliwapapasa ndama mbavu, mmoja baada ya mwingine, kama anayehesabu. "Ulipoanza kusimama mpaka mwisho nikaacha. Ndiyo yule mmoja akafa."

"Na Konsolata? Alikuona?"

"Yule dada?" Alishangaa kuulizwa. "Yule alikuwa bombani anaangalia geti. Hajawahi kuingia humu. Nilidhani anaogopa ng'ombe."

Nilimsaidia kumaliza. Nilichukua chupa, nikaenda maabara, nikapima, na mstari ulikuwa mfupi kama zamani. Sasa ningependa kuandika kwamba nilitoka pale moja kwa moja mpaka ofisini. Sikufanya hivyo. Nilikaa siku tisa. Kama ningesema, takwimu zote za miezi ile zingekuwa takataka, zile mbaya na zile nzuri pia, maana hizo nzuri nilizipata kwa ng'ombe walewale ambao ratiba yao ilikuwa imevurugwa. Msaada wa masomo ulikuwa na mwisho wake. Na ningelazimika kusema neno "nilikosea" juu ya mtu, si juu ya tindikali. Siku hizo tisa niliongeza ujazo wa ndoo ya ndama kwa siri, nikamwambia Bambo Lifa asiseme, na nikaanza kumshuku hata yeye: nikimwona anaongea na mlinzi, nafikiri ananiongelea. Mwenye nyumba akigonga, naficha daftari kwanza. Nilikuwa nimebaki peke yangu chumbani, na bado niliongea na simu nje, pekupeku, kwa sauti ya chini. Siku nilipojiona ninafanya hivyo ndiyo siku niliyokwenda.

Dokta Kadzuwa alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuvua miwani. Alisema, "Unaanza upya, kwa msimu mzima, na ndoo ya ndama inaandikwa upya." Kisha akasema, "Na mimi niliandika barua ile bila kushuka zizini hata siku moja. Nitaandika nyingine." Niseme sasa yaliyotokea, nisije nikamalizia nayo: barua ya pili ilifika, Konsolata akarudishiwa nafasi yake, akahamia chumba kingine Chilinde na Mrundi mmoja wa kanisa lao, akamaliza kabla yangu, na utafiti wake ulikuwa bora kuliko wangu. Tulifanya kazi meza moja ya maabara miezi mingi. Bambo Lifa naye alibaki na kazi yake, na katika ukurasa wa shukrani wa tasnifu yangu jina lake ni la kwanza. Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na safari ya Dzaleka, na hiyo Dokta hakunituma. Nilikwenda mwenyewe.

Nilipata lori la mahindi, nikashukia njia panda, nikaingia kambini adhuhuri, jua kali, vumbi la soko likiwa hewani na kwaya mbili zikifanya mazoezi kwa wakati mmoja katika makanisa mawili yaliyopakana. Konsolata alikuwa na chumba kwa shangazi yake, kuta za udongo zilizopakwa majivu, madirisha madogo. Binti yake, huyuhuyu aliyenipigia simu, alikuwa mtoto wa miaka saba au minane, akatumwa kwa jirani mara tu nilipotokea. Konsolata hakusema karibu, lakini alisogeza kigoda kwa mguu. Alikuwa anapika maharage. Nilikaa nikaeleza yote: maziwa ya mwisho, ndama, yule mwanamke wa Chinsapo, siku tisa. Nilieleza na siku niliyovuka kitenge nikafungua beseni. Hapana, si kweli. Nilitaka kulieleza, nikaliruka, na hii ndiyo mara ya kwanza ninaliandika. Niliomba msamaha. Alikoroga, akaonja chumvi, akafunika.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, yaya."

"Basi na mi nikuambie yangu." Alikaa mbele yangu, mikono magotini. "Ile wiki, mi nilikuwa na barua ya kupelekea Dokta. Nilikuwa nimeiandika yote, pages mbili. Nilikuwa naona mafuta haiko mu chupa zangu, na mi najua siigusake. Nikasema, ni nani anafikaka maabara mbele yangu, anazungusha mashine peke yake? Ni Nsimire. Anatoa mafuta mu chupa zangu, juu ba nifukuze, abaki na nafasi yote. Na kaye yako, ile daftari, nilisomaka. Siku moja ulienda chooni. 'K. katoka, K. karudi.' Nikasema, njo vile, huyu anatumiwa na bantu. Niliogopa mpaka nikawa nakaa na mgongo ku ukuta."

"Ya kaye ni kweli," nilisema. "Niliandika."

"Najua. Nilisoma."

"Juu ya nini haukupeleka barua?"

"Nguo." Alinyoosha kidole kuelekea kamba ya nje, kana kwamba nguo zilikuwa bado pale. "Jumatatu nilikuwa nimefua ile ya kwendea ofisini siku ya pili, mvua ikanyesha, haikukauka. Nikasema nitaenda ikikauka. Wee ukaenda mbele. Ulinishinda siku moja tu, mudogo wangu."

Kwaya moja ilinyamaza, nyingine ikaendelea. Nilimuuliza jambo la kijinga, kama bado anayo ile barua, akasema aliichoma siku aliyofika, akawashia mkaa. Kisha akaepua sufuria, akapakua maharage kwenye sahani moja kubwa na bukari pembeni, akaimwagia mikono yangu maji kwanza, halafu yake.

"Kama nguo ingekauka," alisema, "ni wee ungekuwa unakaa huku, na mi njo ningekuwa naenda pale zizini kila asubuhi. Na siku moja ningeona ile umeona." Alimega tonge, akalishika vidoleni bila kulipeleka mdomoni. "Nimefikiri sana juu ya ile safari ya kutoka Lilongwe kuja kukuambia. Vreman, kweli kabisa, Nsimire, sijue kama ningekuja."

Akasogeza sahani mpaka ikagusa goti langu.